Sisi wa ng'ambo ya ziwa

Mwalimu wa Kalundu, hapa Uvira, anayetafuta vitabu vya tamaduni mbalimbali hana haja ya kuanzia mbali. Benchi moja laweza kukalisha Mvira, Mfuliiru, Mbembe, Mnyamulenge na Mrundi, na saa ya mapumziko wote wakagombania mpira kwa Kiswahili kilekile. Mimi huanza na swali moja: humu kitabuni nani anasimulia, na nani anasimuliwa tu?

Chukua Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994 iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022. Msafara wa wafanyabiashara unatoka pwani, unavuka Ziwa Tanganyika, unafika kwa mtawala Chatu upande wa magharibi. Msomaji wa Dar es Salaam anaona wasafiri wakitokomea bara. Mtoto wa Kalundu, anayewaona wavuvi wakirudi alfajiri na ndagala, anaona wageni wakija kwao.

Humo riwayani watu wa bara wanaitwa washenzi. Mwalimu asiliruke neno hilo. Alisome taratibu, awaache wanafunzi walisikie linavyouma, kisha awape ukurasa mmoja: Chatu angeisimuliaje siku msafara ule ulipoingia mjini kwake? Riwaya inalibeba swali hilo vizuri, maana Gurnah hawatetei wasafiri wake. Wenye kiburi wanaonekana na kiburi chao.

Lakini kumjibia Chatu hakutoshi. Wanafunzi wanastahili pia hadithi ambayo watu wa Kivu wameisimulia wenyewe. Mwaka 1956, Candi Rureke, msimulizi wa Kinyanga, aliimba na kusimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, naye Mnyanga, waliuchapisha 1969. Shemwindo, baba yake Mwindo, hataki mtoto wa kiume. Anataka mabinti, mahari iingie. Mwindo anazaliwa hata hivyo, anamfuata baba yake hadi kuzimu, na akimpata anamrudisha nyumbani badala ya kumuua. Sijui darasa la Uvira litakalokaa kimya likiulizwa habari ya mahari.

Nakala ni chache, tena ghali. Basi mwalimu asome kwa sauti, darasa liitikie, na jioni kila mwanafunzi amwombe bibi yake hadithi moja ya nyumbani. Kesho yake aisimulie kwanza kwa Kifuliiru au Kibembe, kisha kwa Kiswahili. Jirani yake wa benchi, asiyeijua lugha ile, ndiye aulize maswali ya kwanza.