Analojia Haijapitwa na Wakati

Tangu matangazo ya televisheni yalipohama kutoka analojia kwenda dijitali, tumezoea kumwita aliyepitwa na wakati "mtu wa analojia". Tumekosea. Sauti, joto na mwanga haviji kwa tarakimu. Hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Simu haiwezi kuisafirisha sauti ya mama mpaka saketi ya analojia iikuze, ndipo igeuzwe kuwa tarakimu. Chipu ya 555 ya kupimia muda, aliyoibuni Hans Camenzind mwaka 1971, ingali ikitengenezwa. Magari ya umeme na vifaa vya hospitali vitazidi kuwahitaji wabunifu wa saketi hizo, na ujuzi wao huiva kwa miaka mingi. Basi, ndugu wazazi, kijana wetu apendaye fizikia tusimwambie kwamba amechelewa.