Fedha za Maktaba Hutoka Wapi, na Hukatwa Wapi

Watu wengi hudhani ya kuwa maktaba hufa siku mlango wake utiwapo kufuli. Sivyo. Maktaba huanza kufa siku magazeti yasipofika. Magazeti ndiyo matumizi yaliyo mepesi kukatwa, kwa kuwa hakuna mtu atakayepiga kelele kwa ajili ya gazeti la jana. Mwaka ufuatao hukatwa fedha za vitabu vipya. Kisha mkutubi mzee hustaafu, wala hapatikani wa kushika mahali pake. Kisha paa huvuja, vitabu vya pembeni huota ukungu, na chumba kile hufungwa “kwa muda”. Mwishowe hubaki nyumba yenye viti na daftari la wageni, na mpita njia husema, “Hapa palikuwa na maktaba,” ijapokuwa mlango ungali wazi.

Basi yafaa raia wa Kenya wajue ni nani azigawaye fedha za maktaba, na ni siku zipi katika mwaka ambapo neno la msomaji laweza kusikiwa.

Maktaba za umma katika nchi hii hazikuanza kwa faida ya wote. Maktaba ya McMillan, mjini Nairobi, ilifunguliwa mwaka wa 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka wa 1925, na shirika la Carnegie la New York lilisaidia gharama zake. Mwaka wa 1938 ilitungiwa sheria yake peke yake, heshima ambayo ni majengo machache sana yaliyowahi kuipata. Lakini hadi mwaka wa 1958 walioruhusiwa kusoma humo walikuwa Wazungu tu. Mwafrika aliweza kuzifagia ngazi zenye sanamu za simba; kuazima kitabu hakuweza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo maktaba hiyo ilipoingia mikononi mwa Baraza la Jiji.

Kwa watu wa mashambani kitabu kilifika kwa njia nyingine. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka wa 1948, ilipeleka masanduku ya vitabu katika vituo vya bara, tena iliwaazima wasomaji vitabu kwa posta. Mwaka wa 1960 S. W. Hockey alitoa taarifa yake iliyoshauri kwamba kila nchi ya Afrika ya Mashariki iwe na halmashauri yake ya maktaba. Tanganyika ilitunga sheria ya jambo hilo mwaka wa 1963, Uganda mwaka wa 1964, na Kenya mwaka wa 1965. Halmashauri ya Kenya ilianza kazi mwaka wa 1967. Tangu hapo matawi yalifunguliwa mjini na wilayani, na riziki ya matawi hayo ilitoka hasa katika Hazina ya taifa.

Katiba ya mwaka wa 2010 iliibadili hali hiyo. Katika Jedwali lake la Nne maktaba zimetajwa miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, ambazo zote 47 zilianza kazi mwaka wa 2013. Halmashauri ya taifa haikuondolewa. Ina kazi zake, kama kuwapa wachapaji nambari za ISBN na kutunza orodha ya vitabu vilivyotolewa nchini. Lakini maktaba ya mji mdogo, ile ambayo mwana wa shule huifikia kwa miguu, imewekwa chini ya kaunti.

Yafaa kutazama mahali neno “maktaba” lilipoandikwa katika Jedwali hilo. Limo katika fungu moja na sinema, vibali vya pombe, michezo na bustani za mapumziko, wala halikuwekwa pamoja na elimu. Huenda hilo likaonekana kuwa jambo dogo, lakini si dogo. Ofisi ambayo hukabidhiwa maktaba katika kaunti nyingi ni ile ile ya utamaduni na michezo, na uwanja wa mpira una wapenzi wengi wenye sauti kubwa. Halafu, idara zote zikutanapo, maktaba huketi meza moja na zahanati, maji na barabara za vijijini. Ni nani atakayesimama mbele ya mama asiyepata dawa na kuomba fedha za kamusi?

Kuna jambo la pili ambalo si wengi walijualo. Fedha za kaunti zimo katika mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa maendeleo, yaani majengo na vitu vya kudumu. Wa pili ni wa matumizi ya kawaida: mishahara, umeme, maji, magazeti, gundi ya kushikiza majalada. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012 yataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, ikihesabiwa kwa miaka kadha, iende katika maendeleo. Tena kanuni za mwaka wa 2015 zakataza mishahara kuzidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Makusudi ya sheria hizo ni mema, kwa kuwa bila mipaka hiyo fedha zote zingekwisha katika mishahara na safari. Lakini kwa maktaba matokeo yake ni magumu. Ni rahisi zaidi kupata fedha za kujenga maktaba mpya, yenye jiwe la msingi na utepe wa kukatwa, kuliko kupata mshahara wa mtu wa kuifungua kila asubuhi. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba wadi yake itajengewa maktaba, swali la kwanza liwe hili: ni nani atakayelipa umeme mwaka wa tatu?

Katiba yasema kazi hiyo ni ya kaunti. Haitaji idadi ya vitabu wala saa za kufungua. Hapa yafaa kulinganisha na Uingereza, ambako mfano wa maktaba hizi ulitoka. Huko sheria ya mwaka wa 1964 yawalazimisha wakubwa wa mitaa kutoa huduma ya maktaba iliyo kamili na yenye ufanisi, na waziri ana uwezo wa kuchunguza. Mwaka wa 2009 baraza la Wirral, karibu na Liverpool, lilikusudia kufunga maktaba 11 kati ya 24 kwa ajili ya upungufu wa fedha. Serikali kuu ilimtuma Sue Charteris kuchunguza, na baraza likaliacha shauri lake hata kabla taarifa haijatolewa. Ilipotolewa, ilionyesha kwamba kosa la baraza lilikuwa kukata bila kwanza kupima haja za watu wa mahali hapo, hasa watoto. Sheria hiyo, hata hivyo, haikuizuia kila kaunti ya Uingereza. Baada ya mwaka wa 2010, fedha za mitaa zilipopunguzwa sana, mamia ya maktaba yalifungwa.

Somo la Wirral lahusu Kenya pia, nalo ni la kuhesabu. Maktaba ambayo haina hesabu haina mtetezi. Daftari la mlangoni ambalo watu huandika jina na saa halitoshi. Yapasa ijulikane ni watoto wangapi waliokuja, ni wangapi waliokosa kiti, ni kitabu gani kilichoulizwa kisipatikane, ni siku ngapi umeme ulikatika.

Wako wanaobeza kwamba vijana wengi huja maktabani na vitabu vyao wenyewe, tena vya mitihani, na hivyo hakuna haja ya kununua vingine. Ni kweli kwamba wengi huja hivyo. Lakini nyumba ya chumba kimoja, yenye watoto wanne, redio na jiko, haina mahali pa kusomea. Meza, taa na ukimya ni huduma kama kitabu kilivyo huduma, na kila kiti kikaliwacho na mwanafunzi chastahili kuandikwa katika hesabu. Na yule ajaye kwa ajili ya meza, akiona kando yake rafu yenye hadithi nzuri ya Kiswahili, huenda akainuka akaitazama. Akiona vumbi, hainuki.

Upungufu wa fedha hauzuii kila jambo. Mwaka wa 1996, huko Garissa, halmashauri ya taifa ilianzisha maktaba ya ngamia. Gari halipiti vema katika mchanga, tena lataka mafuta na vipuri. Ngamia hula miti ya njiani. Ngamia mmoja alibeba masanduku mawili yenye vitabu karibu 400, mwingine akabeba hema, na wanafunzi wa jamii za wafugaji wakasoma chini ya kivuli chake. Wageni wengi walifika kupiga picha, wakadhani ni kichekesho. Haikuwa kichekesho, ilikuwa hesabu nzuri ya gharama. Hata leo maktaba mbili za kaunti moja zaweza kubadilishana vitabu kila miezi mitatu katika masanduku, kama ilivyofanya Bureau ile ya mwaka wa 1948, na msomaji akaona vitabu vigeni kwake bila kununuliwa hata kimoja.

Zawadi nazo husaidia. Shirika la Book Aid International, lililoanza mwaka wa 1954 kwa jina la Ranfurly, limeleta vitabu vingi kutoka Uingereza. Lakini zawadi haimjui mtu wa Busia alimaye mihogo, wala haileti gazeti la Kiswahili. Mjini Nairobi, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk mwaka wa 2017, wakaafikiana na kaunti kuzitengeneza maktaba tatu: McMillan, Kaloleni na Makadara. Hizi mbili za mwisho, zilizo katika mitaa ya wafanyakazi, ndizo zilizotangulia kutengenezwa, na huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana jengo la simba lina wapenzi wengi tayari. Mpango wa namna hii una faida ikiwa makubaliano yameandikwa wazi: jengo ni la umma, na kaunti haikuondolewa mzigo wake. Kaunti ikiona kwamba wahisani wapo, hushawishika kupunguza fungu lake.

Basi, raia atasema lini? Katiba, katika kifungu cha 201, yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha, na mwaka wa fedha una tarehe zake. Mwaka wenyewe huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka unaotangulia. Kufikia tarehe 28 Februari hupelekwa waraka wa mwelekeo wa fedha, ambao huweka kikomo cha kila idara. Kufikia tarehe 30 Aprili huja makadirio yenyewe. Watu wengi huja katika mkutano wa Mei wakiwa na hasira, nao huwa wamechelewa, maana kikomo kilikwisha wekwa Februari. Tena sheria haikubali bunge la kaunti liongeze fungu moja bila kupunguza jingine. Aombaye shilingi za magazeti hana budi kuonyesha zitakakotoka, na jambo hilo lawezekana, kwa kuwa makadirio yakisomwa kwa makini huwa yameandikwa pia safari, chai na matengenezo ya magari.

Na fedha zilizoandikwa si fedha zilizotumika. Msimamizi wa Bajeti hutoa taarifa zinazoonyesha kila kaunti ilitumia nini katika robo ya mwaka. Mwalimu mkuu, wazee wa mtaa au kikundi cha wasomaji wakiichukua taarifa hiyo pamoja na hesabu ya daftari la mlangoni, wakampelekea mwakilishi wa wadi yao mwezi wa Januari, atakuwa na kitu mkononi waraka wa Februari uingiapo bungeni.