Miamba Bandia ya Chaza na Viumbe Wanaohamia Humo

Chaza wa mashariki mwa Amerika, Crassostrea virginica, huanza maisha yake akielea. Yai likisharutubishwa majini, lava huogelea kwa wiki mbili hadi tatu akila mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Akifikia ukubwa wa karibu theluthi moja ya milimita huota mguu na doa la jicho, kisha huzama kutafuta kitu kigumu cha kushika. Akipata panapomfaa hujigandisha kwa gundi yenye chokaa anayoitoa mwilini. Mguu na jicho hutoweka, na tangu hapo hahami tena mpaka kufa. Pahali anapopapenda kuliko pengine pote ni mgongoni mwa kombe la chaza mwingine. Kizazi hupanda juu ya kizazi: makombe ya waliokufa hubaki chini yakiwa msingi, na walio hai husimama wima juu yake wakigombea maji yenye chakula. Miaka ikipita rundo hilo huwa mwamba halisi, wenye urefu, matuta na maelfu ya nyufa.

Mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki amezoea chaza wa namna nyingine, Saccostrea cucullata, anayeshika kwenye majabali na mizizi ya mikoko. Huku samaki wana matumbawe na majani ya baharini pa kujificha. Katika midomo ya mito ya mashariki mwa Marekani hakuna matumbawe. Sakafu ni tope na mchanga kwa kilomita nyingi, na mara nyingi mwamba wa chaza ndicho kitu kigumu pekee kinachosimama humo. Ukiondolewa, kaa mdogo au samaki wa urefu wa kidole hana pa kukimbilia.

Na umeondolewa. Makadirio ya kimataifa yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya miamba ya chaza duniani imekwisha kupotea. Ghuba ya Chesapeake, katika majimbo ya Maryland na Virginia, ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Katika msimu wa 1884 na 1885 wavuvi wa Maryland pekee walitoa takriban busheli milioni 15 za chaza. Zana zao kubwa zilikuwa vyuma vyenye meno vilivyoburutwa sakafuni, ambavyo havikuondoa chaza tu bali vilisawazisha mwamba wenyewe, na makombe yalipelekwa kutengeneza chokaa na kujenga barabara. Baadaye vikaja vimelea viwili, Perkinsus marinus na Haplosporidium nelsoni, vilivyoua sehemu kubwa ya waliosalia katika nusu ya pili ya karne ya 20. Mashapo kutoka mashambani na mijini yakafunika kilichobaki. Lava bado walikuwepo majini, lakini waliposhuka walikuta tope, na lava anayetua kwenye tope hufa.

Hapo ndipo wazo la mwamba bandia linapoingia. Mwamba huu haukusudiwi kuwa badala ya chaza. Ni sakafu ngumu ya kuanzia, ambayo chaza wenyewe wataijenga zaidi wakipewa nafasi. Kifaa bora ni makombe ya chaza, na tatizo lake ni uhaba: yaliyotolewa baharini kwa karne nzima hayakurudishwa. Ndiyo maana miradi mingi hukusanya makombe kutoka mikahawani, huyaanika juani kwa miezi kadhaa ili mabaki ya nyama na vimelea viishe, kisha huyatia kwenye matangi ya lava. Katika maabara ya Horn Point ya Chuo Kikuu cha Maryland, lava huachwa washike kwenye makombe hayo, kila kombe likibeba kadhaa, na ndipo shehena hupakiwa mashuani na kumwagwa juu ya mwamba unaotengenezwa.

Makombe yasipotosha hutumika mawe ya matale, kokoto za chokaa au zege. Kuna mipira mitupu ya zege yenye matundu pande zote, ambayo mchanganyiko wake hurekebishwa ili usiwe na ukali wa alikali unaofukuza viumbe. Kuna matofali yanayofungamana kama ngome ndogo, yaliyochanganywa na makombe yaliyosagwa, ambayo watu wawili wanaweza kuyapanga kwa mikono maji yakiwa yamekupwa. Kuna pia mifuko ya wavu iliyojaa makombe. Hii ni rahisi, ila wavu wa plastiki huchakaa na kuacha vipande baharini, na kwa sababu hiyo wengi sasa wanatafuta nyuzi zinazooza. Si kila kitu kigumu kinafaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 takriban matairi milioni mbili yalitupwa baharini karibu na Fort Lauderdale, Florida, yakitarajiwa kuwa makao ya samaki. Vifungo vyake vilikatika, matairi yakawa yanasukumwa na mawimbi, yakagonga matumbawe ya asili yaliyokuwa jirani, na kazi ya kuyatoa imechukua miaka mingi. Mwamba bandia usiotulia ni takataka.

Zaidi ya kifaa kilichotumika, kinachoamua hatima ya mwamba ni kimo chake. Mwaka 2004 miamba ilijengwa katika mto Great Wicomico, Virginia, kwa makombe tu. Mingine iliinuliwa sentimita 25 hadi 45 kutoka sakafuni, mingine sentimita 8 hadi 12. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba miamba iliyoinuka ilikuwa na chaza mara nne zaidi kwa kila mita ya mraba kuliko ile iliyolala. Tofauti ya kimo haifikii urefu wa mkono wa mtu, na bado ilitosha. Maji hupita kwa kasi zaidi juu ya kitu kilichoinuka: huleta chakula kingi, huondoa mashapo, na chaza hukua upesi kuliko tope linavyoweza kumfunika. Mwamba wa chini hushindwa mbio hizo, na baada ya muda huzikwa.

Kimo kina faida nyingine inayoonekana wakati wa joto. Katika mto Neuse, North Carolina, maji ya chini hutengana na ya juu majira ya kiangazi, na oksijeni ya chini huisha. Watafiti walijenga humo miamba ya vimo na vina tofauti. Oksijeni ilipotoweka, chaza waliokuwa kwenye miamba mifupi ya kina kirefu na chini ya ile mirefu walikufa, ilhali waliokuwa kileleni waliokoka. Samaki na kaa hawakungoja kufa. Walihamia kwenye miamba ya kina kifupi, wakasongamana, na kwa muda mfupi wakawamaliza viumbe wadogo na konokono waliokuwa chakula cha wenyeji. Hivyo mwamba mmoja ulioharibika uliudhoofisha hata mwingine uliokuwa salama. Atakayejenga mwamba bila kupima oksijeni ya kiangazi anacheza bahati nasibu.

Wakazi wa kwanza huwa wadogo na hawana soko lolote, lakini hao ndio wanaoeleza vizuri zaidi kwa nini nyufa zina thamani. Gobiosoma bosc, samaki wa jamii ya gobi asiye na magamba na asiyezidi sana sentimita sita, anahitaji kombe la aina moja mahususi: la chaza aliyekufa karibuni, pande zote mbili zikiwa bado zimeshikana kwenye bawaba na mdomo ukiwa wazi kidogo tu. Jike hubandika mayai yake ndani, ukutani, na dume hubaki mlangoni akiyapepea kwa mapezi na kufukuza wanaokaribia. Kombe lililovunjika au lililofunguka kabisa halina faida kwake. Kwa hiyo mwamba wenye mawe matupu unaweza kuwapa gobi maficho, lakini kitalu cha mayai hupatikana baada ya chaza kuishi na kufa hapo. Jambo hili husahaulika mara nyingi na wanaopima mafanikio mwaka wa kwanza.

Jirani yake mkubwa ni Opsanus tau, samaki mwenye kichwa kipana na mdomo kama wa chura. Dume huchimba pango chini ya kombe kubwa au jiwe, kisha huita majike kwa mlio mzito unaofanana na honi ya meli. Mayai hubandikwa kwenye dari ya pango, na dume huyalinda kwa wiki kadhaa, hata baada ya watoto kuanguliwa. Chakula chake akipendacho ni kaa wadogo wa matopeni wa jamii ya Panopeus, na kaa hao nao hula chaza wachanga kwa kuvunja kingo za makombe. Majaribio yaliyofanywa kwenye vipande vya mwamba yameonyesha kwamba samaki huyo akiwepo, chaza wachanga wengi zaidi huokoka. Si kwa sababu tu amewala kaa. Kaa wanapomhisi hujificha ndani zaidi ya nyufa na kuacha kula. Woga wa kaa ni sehemu ya ulinzi wa mwamba.

Kati ya krasteshia wengine, kamba mlipuaji, Alpheus heterochaelis, ndiye anayesikika zaidi. Koleo lake moja ni kubwa mno, na likifungwa kwa ghafla hurusha mkondo wa maji wenye kasi hata povu la mvuke hutokea. Povu hilo linapojikunja ndipo mlio husikika, na mawindo hupigwa na butwaa. Mwamba hai wenye kamba wengi hutatarika usiku na mchana. Utafiti wa North Carolina umeonyesha kwamba lava wa chaza hushuka na kushika kwa wingi zaidi wanaposikia sauti za mwamba kuliko sauti za sakafu tupu. Maana yake mwamba ukishapata wakazi huanza kuita wajenzi wapya, na mwamba bandia ulio kimya huanza kwa udhaifu huo.

Kaa wa buluu, Callinectes sapidus, ambaye ndiye biashara kubwa ya Chesapeake, huutumia mwamba kwa namna mbili. Mdogo hujificha humo, hasa anapovua ngozi ngumu na kubaki laini bila ulinzi. Mkubwa huja kuwinda, na chaza wachanga ni miongoni mwa mawindo yake. Samaki wakubwa, kama Morone saxatilis na wale wa jamaa ya chewa, huzunguka kingoni kuwinda gobi na uduvi wanaotoka nje.

Samaki wengi wakionekana juu ya mwamba mpya, wavuvi hufurahi, lakini mtaalamu huuliza swali gumu zaidi: je, wameongezeka, au wamehamia tu kutoka kwingine? Kama wamekusanyika tu, mwamba unaweza hata kudhuru, kwa kuwarahisishia wavuvi kazi ya kuwamaliza. Mjadala huu umekuwepo tangu miaka ya 1980 kuhusu miamba bandia ya kila aina. Kwa miamba ya chaza jibu ni zuri kuliko kwa mingi. Mwaka 2003 mtafiti Charles Peterson na wenzake walilinganisha idadi ya samaki na krasteshia kwenye miamba na kwenye sakafu tupu kusini-mashariki mwa Marekani, wakahesabu tu spishi ambazo makao hayo kweli huwaongezea kukua au kuokoka. Walikadiria kwamba kila mita 10 za mraba za mwamba uliorudishwa huongeza kilo 2.6 za samaki na krasteshia wakubwa kwa mwaka, kwa muda wote mwamba unaposimama. Sharti hilo la mwisho ni zito: mwamba unaovunwa kwa vyuma baada ya miaka michache haufikishi hesabu hiyo.

Ndiyo maana miradi mikubwa ya Chesapeake iko ndani ya hifadhi zisizovuliwa chaza. Harris Creek, Maryland, iliyokamilishwa mwaka 2015, ilipata takriban hekta 140 za mwamba na zaidi ya chaza wachanga bilioni mbili. Ilipata pia ugomvi: wanaovua kaa kwa kamba ndefu zilizotandazwa sakafuni walilalamika kwamba zinanasa kwenye mawe, na sehemu zilizorundikwa juu kupita kiasi zilikuwa hatari kwa mashua. Malalamiko hayo hayakuwa ya ukaidi mtupu. Kimo kinachomwokoa chaza ndicho kinachokwaruza mashua, na kina cha maji juu ya kilele lazima kiamuliwe pamoja na wanaopita hapo.

Katika Staten Island, New York, wahandisi walijaribu kuunganisha mahitaji mawili: kinga ya pwani na makao ya samaki. Baada ya kimbunga Sandy cha mwaka 2012 yalijengwa makuta manane ya kuvunja mawimbi, yaliyokamilika mwaka 2024. Upande wa bahari yana vidole vya mawe vyenye njia nyembamba kati yake, na vitalu vya zege vilivyokwaruzwa makusudi, ili samaki wadogo wapate nyufa.

Kuhusu kupima, Chesapeake imeweka kigezo kilicho wazi. Baada ya miaka sita, mwamba unahesabika umefaulu kikamilifu ukiwa na chaza 50 na gramu 50 za uzito mkavu kwa kila mita ya mraba katika angalau asilimia 30 ya eneo lake. Chaza 15 na gramu 15 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika. Lazima pia wawe wa marika tofauti, ili ijulikane kwamba lava wapya wanaendelea kushuka, na kimo na eneo la mwamba visiwe vimepungua. Samaki na kaa huhesabiwa kwa trei zilizojazwa makombe na kuzikwa ndani ya mwamba, zinazoinuliwa baada ya wiki kadhaa na kumwagwa mezani, kila gobi na kila kaa akipimwa mmoja mmoja.