Kompyuta na Barua ya Madai

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii iliwalenga wafanyabiashara, lakini yaifaa pia ofisi ya wakili. Humo haki ya mtu yaweza kupotea kwa sababu tu tarehe moja haikuandikwa. Makala haya yaeleza jinsi kompyuta inavyotunza kumbukumbu za madai, na mahali uwezo wake unapokoma.

Muda hausimami

Kabla ya kwenda mahakamani, kwa kawaida wakili humwandikia mdaiwa barua inayotaja deni, msingi wake, na siku anazopewa kulilipa. Wengi hudhani kwamba barua hiyo husimamisha muda wa kisheria. Sivyo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 imeweka miaka 6 kwa mashauri ya mikataba, na miaka 12 kwa mashauri ya kudai ardhi. Muda huo huendelea kupita hata pande mbili zikiwa zinaandikiana barua za mapatano. Shauri lililofunguliwa nje ya muda hutupwa, hata kama mdaiwa mwenyewe hakuutaja ucheleweshaji huo.

Masijala ndani ya kompyuta

Katika masijala ya zamani kila dai lilikuwa na jalada lake, na karani alifungua shajara kila asubuhi ili aone lipi limefikia siku yake. Programu ya kompyuta hufanya kazi hiyohiyo kwa jedwali. Kila mstari ni dai moja. Kila safu ni habari ya aina moja: mdai, mdaiwa, kiasi, siku deni lilipopaswa kulipwa, siku barua ilipopokelewa, na malipo yaliyofanywa. Kila dai hupewa namba yake pekee, ili wadaiwa wawili wenye jina moja wasichanganywe.

Ili kuhesabu siku, kompyuta huzipa siku zote namba zinazofuatana. Kwa hiyo kuongeza siku 90 ni kujumlisha tu. Hesabu hii ni muhimu, kwani anayetaka kuishtaki Serikali ya Tanzania hana budi kwanza kutoa notisi isiyopungua siku 90. Tukianza kuhesabu baada ya tarehe 15 Januari 2025, siku ya 90 ni tarehe 15 Aprili. Mwaka 2024, uliokuwa na Februari ya siku 29, ingekuwa tarehe 14 Aprili. Kompyuta haisahau tofauti hiyo, binadamu huisahau.

Kosa dogo, hasara kubwa

Hata hivyo kompyuta huhesabu kile tu ilichopewa. Karani akiandika 03/04/2021, sisi tutasoma tarehe 3 Aprili. Programu iliyopangwa kwa desturi ya Marekani itasoma tarehe 4 Machi. Ndiyo maana kanuni ya kimataifa iliyotolewa mwaka 1988 huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2021-04-03.

Tuchukue mfano. Mwenye duka aliuza saruji kwa mkopo, na malipo yalipaswa kufanywa tarehe 1 Machi 2021. Muda wake wa kushtaki utakwisha mwanzoni mwa Machi 2027. Lakini mdaiwa akalipa sehemu ya deni tarehe 15 Juni 2023. Kwa sheria ya Tanzania, malipo hayo huanzisha hesabu upya, hata katikati ya Juni 2029. Malipo hayo yasipoingizwa, mwaka 2028 kompyuta itamwambia wakili kwamba dai limekufa, ilhali lingali hai. Na mwenye duka atapoteza fedha ambazo ni haki yake.

Funzo kwa wanafunzi ni hili: mashine huharakisha hesabu, bali ukweli wa hesabu hutoka kwa yule aliyeandika. Jaribuni wenyewe: chukueni tarehe ya leo, ongezeni siku 90 bila kalenda, kisha mlinganishe majibu yenu.