Joto la Maskati, sweta la bibi Unguja: somo la sayansi lililomo kwenye simu zetu

Muulize mtu mzima yeyote nyumbani kwako, kabla hajashika simu: kwa nini Maskati mwezi wa saba panaunguza na mwezi wa kwanza pana baridi? Wengi watakujibu papo hapo kwamba wakati wa joto dunia huwa karibu na jua. Jibu linaingia akilini, lakini si kweli. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kiasi cha kilomita milioni 147. Mwanzoni mwa Julai, sisi tukiwa tumejifungia na viyoyozi, ndipo inapokuwa mbali zaidi, kama milioni 152.

Wala usimcheke aliyejibu hivyo. Mwaka 1987 ilitoka filamu fupi ya Kimarekani, A Private Universe. Watu 23 wa Chuo Kikuu cha Harvard, wahitimu na walimu wao, waliulizwa swali hilo au lile la kwa nini mwezi hubadilika umbo. 21 kati yao walijikwaa. Na hao ni watu waliosoma!

Wanasaikolojia wanaochunguza namna tunavyojifunza sayansi wanasema mtoto haingii darasani na kichwa kitupu. Tangu anatambaa anajua kwamba ukisogelea jiko unapata joto zaidi. Mwalimu akimweleza jambo jipya, analipachika juu ya lile la zamani. Stella Vosniadou na William Brewer waliwahoji watoto wa shule za msingi huko Illinois, wakachapisha matokeo mwaka 1992. Watoto walishaambiwa dunia ni duara. Basi wengine wakasema ni duara kama sahani, wengine wakasema ni mpira wenye uwazi ndani na sisi tunaishi humo, juu ya sakafu iliyo sawa. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanapatanisha maneno ya mwalimu na wanachokiona kwa macho yao.

Hata ukubwani wazo la zamani haliondoki. Mwaka 2012 Andrew Shtulman na mwenzake waliwapa wanafunzi wa chuo sentensi za kusema kweli au si kweli. Pale ambapo sayansi inagongana na hisia za utotoni, walichelewa kujibu na walikosea zaidi.

Hili linanigusa kwa sababu ya tusheni. Tunalipa riali kila mwezi, mtoto anakariri, anapata alama zote, na sisi tunasema mashallah. Mtoto wa dada yangu, ana miaka 11, alinisomea bila kukwama kwamba mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23 na nusu. Ilikuwa Juni. Nikamuuliza, “Na kwa bibi Unguja sasa hivi kukoje?”

“Joto zaidi, mjomba. Si Afrika?”

Tukapiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi akasema, “Huku kipupwe, mjukuu wangu. Jana usiku nimevaa sweta.”

Kijana akanyamaza kidogo. “Lakini mjomba, jua si hilo hilo moja?”

Mimi swali hilo nalithamini kuliko ile sentensi ya nyuzi 23. Kama umbali ndio sababu, Maskati na Unguja zingepata joto pamoja na baridi pamoja. Hapo wazo la jiko linakwama, na mtoto mwenyewe ameliona linakwama.

Kuanzia hapo kazi ni nyepesi. Simamisha fimbo ya mita moja uani, adhuhuri jua likiwa kati. Kabla ya kupima, mtoto aandike anachotarajia, na wewe usimsahihishe. Tarehe 21 Juni Maskati kivuli karibu kinapotea kabisa, maana jua liko utosini. Siku hiyo hiyo binamu yake Unguja atapata kivuli cha zaidi ya nusu mita, kimelala upande wa kusini. Wapigiane picha. Kisha zimeni taa, mumulike sakafu kwa tochi ya simu, kwanza wima, halafu kwa kuinamisha. Mwanga ule ule unatawanyika sehemu kubwa na kufifia. Ongeza na urefu wa mchana: Maskati Juni jua linakaa juu zaidi ya saa 13, Desemba chini ya saa 11.

Kwa Unguja msisahau pepo. Jua la huko halibadiliki sana, na kusi nayo ina mkono wake katika ile baridi ya bibi.

Mtoto mkali atakuuliza na Salalah. Mbona Julai kuna manyunyu na ubaridi, na ni Oman hii hii? Wetu aliuliza. Huko upepo wa kusi-magharibi unasukuma maji ya juu ya bahari, yale ya baridi ya chini yanapanda, na ukungu na mawingu yanaziba jua milimani. Ameandika kwenye daftari lake kwamba Desemba fimbo yetu itatoa kivuli cha sentimita 80. Mimi nimeandika 107. Tunasubiri.