Kuwavika Wasio na Nguo: Je, Tunatoa Sadaka au Tunapunguza Mzigo wa Kabati?

Kila mwaka, katika Jumapili ya 33 ya Kipindi cha Kawaida, Mama Kanisa huadhimisha Siku ya Maskini Duniani, iliyoanzishwa na Papa Fransisko mwaka 2016 alipofunga Jubilei ya Huruma ya Mungu. Siku hiyo huangukia mwezi Novemba, siku chache baada ya kumbukumbu ya Mtakatifu Martino wa Tours, tarehe 11. Katika majira haya parokia nyingi hukusanya nguo kwa ajili ya wahitaji. Ni desturi njema. Hata hivyo, wanaofungua mifuko inayoletwa hukuta humo, pamoja na nguo nzuri, mashati yaliyochanika kwapani, suruali zisizo na zipu na nguo ambazo hazikufuliwa. Yatupasa basi kutafakari maana ya tendo hili.

Mafundisho ya Kanisa

Kuwavika wasio na nguo ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Bwana wetu analitaja tendo hili miongoni mwa yale tutakayohukumiwa kwayo, akisema kwamba aliyetendewa ni Yeye mwenyewe. Yohane Mbatizaji, alipoulizwa na makutano wafanye nini, aliwaagiza wenye kanzu mbili wampe asiye nayo. Hakusema tusubiri kanzu ya pili ichakae. Naye Mtakatifu Basili Mkuu, Askofu wa Kaisarea katika karne ya nne, alifundisha kwamba vazi linalokaa sandukuni bila kuvaliwa ni mali ya yule aliye uchi. Kwa mafundisho hayo, anayetoa nguo asiyoihitaji hamfanyii maskini hisani tu, bali anamrudishia haki yake.

Mfano wa Mtakatifu Martino waeleza jambo hili kwa wepesi. Alikuwa askari kijana, angali mkatekumeni, alipokutana na maskini akitetemeka kwa baridi kwenye lango la mji wa Amiens, katika nchi iitwayo leo Ufaransa. Alichomoa upanga, akalikata joho lake, akampa nusu. Usiku ule, katika ndoto, alimwona Kristo amevaa nusu ile. Tuangalie vema: kipande alichotoa kilikuwa cha joho lile lile alilolivaa yeye.

Sisi tunaijua hali ya mpokeaji

Sehemu kubwa ya mitumba inayouzwa katika masoko yetu ilianza safari yake ikiwa nguo zilizotolewa kwa hiari na watu wa Ulaya na Marekani. Kila mama anayeuza mitumba anajua uchungu wa kununua robota kwa mtaji wake wote, kisha kukuta ndani yake nguo zenye madoa na matundu. Huko zilikotoka, huenda mwenye nguo hizo aliona ametoa sadaka. Huku zimekuwa hasara na takataka. Ikiwa jambo hilo hutuuma tunapotendewa, tusimtendee jirani yetu.

Namna ya kuandaa nguo

Kabla ya kupeleka nguo parokiani, tunashauri yafuatayo:

Kwanza, tuzifue, tuzianike juani hadi zikauke kabisa, na tuzipige pasi inapowezekana. Tukague mifuko yake, turudishe vifungo na kushona palipofumuka.

Pili, tutenge nguo za watoto, za wanawake na za wanaume. Viatu vifungwe pamoja, kushoto na kulia. Nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa zisitolewe.

Tatu, iliyochakaa mno isiingie katika mfuko wa sadaka. Ifanywe tambara la kupigia deki au la kufutia vumbi. Tusizichome nguo ovyo, kwa maana nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi za plastiki, na moshi wake huwadhuru watu.

Nne, tuulize kwanza kinachohitajika. Mama mjamzito anayejiandaa kwenda kujifungua huhitaji kanga safi. Mwanafunzi huhitaji sare. Mzee anayeishi nyanda za baridi huhitaji sweta na blanketi. Gauni la sherehe halitawafaa hao.

Kutoa kwa heshima

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ndizo zinazofahamu kwa karibu nyumba yenye uhitaji. Viongozi wa Jumuiya wapeleke nguo kwa siri na upole, pasipo kutangaza jina la mpokeaji wala kumpiga picha. Pale inapowezekana, nguo zipangwe mezani, naye achague rangi na saizi impendezayo kama achaguavyo mtu yeyote dukani. Umaskini haumwondolei mtu haki ya kupendeza.

Kipimo cha kutusaidia ni chepesi. Tuishike kila nguo mkononi na kujiuliza: je, ningeweza kumvalisha mwanangu nguo hii aende nayo Misa ya Dominika? Kama jibu ni ndiyo, tuikunje vizuri na kuitoa. Kama ni hapana, tukumbuke ni nani atakayeivaa, kwa kuwa Kristo amejifananisha na mpokeaji.

Mtakatifu Martino wa Tours, utuombee.