Kabla Jakuzi Haijafika Getini

Mara nyingi fundi umeme huitwa jakuzi ikiwa imeshashushwa uani na mwenye nyumba anataka kuogea jioni hiyohiyo. Huko ni kuchelewa. Umeme na sakafu vinatangulia, jakuzi inakuja mwisho.

Kabla hujalipa, soma kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye mashine. Kwa Tanzania na Kenya kinapaswa kuonyesha volti 220 hadi 240 na hezi 50. Jakuzi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za hezi 60, na volti 240 zao hupatikana kwa nyaya mbili za moto, kila mmoja volti 120. Huku kwetu nyumba ya kawaida ina waya mmoja wa moto na nyutro. Transfoma haitakuokoa, maana inabadilisha volti tu, si hezi. Pampu itazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa na mota itapata joto kupita kiasi.

Halafu uzito. Jakuzi ya watu watano au sita hubeba takribani lita 1,500, yaani tani moja na nusu ya maji peke yake. Ongeza chombo chenyewe na waogaji, unazidi tani 2 kwenye eneo lisilofika mita 5 za mraba. Hizo ni zaidi ya kilo 400 kwa kila mita ya mraba, wakati sakafu ya ghorofa ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba mzigo wa kilo 150 hadi 200 hivi. Usiipandishe roshani bila mhandisi wa majengo kupiga hesabu. Chini, mwaga zege la sentimita 10 lililosawazishwa kwa pima maji, na bomba la kupitishia kebo lilazwe kabla zege halijamwagwa. Inasikitisha kuona jamvi jipya likipasuliwa kwa tindo kwa sababu ya bomba lililosahauliwa.

Jakuzi huingizwa ikiwa imesimamishwa kwa ubavu. Pima njia yote kuanzia getini. Kwa nyingi, upana wa mita 1.1 na kimo cha mita 2.4 vinatosha. Tazama matawi ya mwembe na paa la kibaraza. Ikibidi ipitishwe juu ya ukuta kwa gari la winchi, hakikisha mkono wa winchi hausogelei nyaya zinazotoka kwenye nguzo.

Sasa umeme, ambao ndio unaoua. Jakuzi ya ukubwa huu mara nyingi huhitaji ampea 32, zaidi ya kilowati 7. Ipewe laini yake yenyewe kutoka kwenye ubao wa breka, kwa kebo ya shaba ya milimita 6 za mraba, na umbali ukizidi mita 30 hivi mimi huenda kwenye 10. Swichi ya kuizima ikae angalau mita 2 kutoka ukingo wa maji, mahali panapoonekana lakini ambapo muogaji hawezi kufika kwa mkono.

Breka ya kawaida ya ampea 32 haikulindi wewe, inalinda kebo isiungue. Sehemu ya kumi ya ampea moja inatosha kusimamisha moyo, na breka hiyo haitashtuka hata kidogo. Ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Kinachookoa maisha ni RCD ya miliampea 30: hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ukipotea kidogo tu njiani hukata papo hapo. Erthi nzuri huifanya ikate hitilafu inapotokea, kabla mtu hajagusa. Fimbo ya erthi ipimwe kwa mita, tena ipimwe kiangazi, kwa kuwa udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Hapa usipunguze gharama hata shilingi.

Jaza maji kwanza, ndipo uwashe. Hita ikiwaka bila maji huungua. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya visima vingi vya pwani, huila hita mapema. Hita ya kilowati 3 itachukua saa 7 hadi 8 kupandisha lita 1,500 kutoka nyuzi 25 hadi 38, sawa na uniti 23 hivi.

Tafuta fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au ya EPRA kwa Kenya. Kabla hujamlipa, mwambie abonyeze kitufe cha majaribio cha RCD mbele ya macho yako. Isipokata, kazi haijaisha.